Patasi zenye ncha za kabaidi: zinadumu kiasi gani?



Robo hii swali moja limerudi katika kila kikao tulichohudhuria, na wafadhili wawili wametuandikia wakiuliza jambo hilo hilo. Je, zile patasi mpya zenye ncha za kabaidi zilizoletwa katika karakana ya vijana hapa Kipalapala ni bora kweli, au fedha zimepotea? Swali ni la haki. Vifaa vilipatikana kwa michango ya watu, na kabla ya muda mrefu kupita ncha kadhaa zilikuwa zimemeguka. Kazi ya miguu ya vitanda, ambayo tayari tulikuwa tumepokea malipo yake ya awali, ikachelewa. Wapo wajumbe wanaotaka patasi za zamani ziuzwe ili zinunuliwe ncha nyingine. Wapo wanaotaka hizo mpya zirudishwe zilikotoka. Tumeona ni vema tueleze suala hili kwa kirefu kabla kamati hazijapiga kura.

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba neno "kabaidi" halitoshi kueleza ubora wa kifaa. Ziko ncha za kabaidi zilizotengenezwa kwa ajili ya mbao na ziko zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma, na tofauti hiyo ndiyo iliyotuumiza. Na patasi za zamani zisiuzwe. Sababu tunazieleza hapa chini.

Kazi yenyewe

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajafika kwetu: Kipalapala iko nje kidogo ya mji wa Tabora. Wengi wanaifahamu kwa sababu ya seminari kuu ya wenzetu Wakatoliki na vitabu vilivyochapwa na TMP. Tabora yenyewe ilikuwa soko kubwa la misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na reli ya kati ilifika hapa mwaka 1912. Mji umezungukwa na misitu ya miombo, na katika misitu hiyo ndimo hutoka mninga na mkurungu ambao samani zake zinajulikana nchi nzima. Mti mzuri siku hizi unafuatwa mbali, kwa hiyo mguu mmoja wa kitanda ukiharibika kwenye mashine si hasara ndogo.

Kukereza ni kuzungusha mbao kwenye mashine huku fundi ameshika patasi juu ya egemeo, patasi ikila mbao kidogo kidogo hadi ipate umbo la mviringo. Ndivyo inavyopatikana miguu ya vitanda na meza, nguzo ndogo za ngazi, reli za altare na mipini ya aina nyingi. Kazi hii si ngeni katika nchi zetu. Mafundi wa Lamu na Zanzibar walikuwa wakikereza miguu ya vitanda kwa mashine za mkono, za kamba na upinde, kabla umeme haujajulikana.

Umeme umeongeza kasi, na kasi ndiyo adui wa makali. Chukua mguu wa kitanda wenye kipenyo cha sentimita 7 unaozunguka mara 1,500 kwa dakika. Ukipiga hesabu utaona kwamba katika dakika moja mbao yenye urefu wa karibu mita 330 hupita juu ya makali ya patasi, sawa na viwanja vitatu vya mpira vikiunganishwa. Kwa saa moja ni karibu kilomita 20, mwendo ambao msafara wa wapagazi ulihitaji siku nzima. Makali yanasuguliwa na kupata moto muda wote huo.

Ndiyo maana chuma cha kawaida hakifai. Mafundi wengi wa kwetu hutengeneza patasi kutokana na tupa kuukuu au springi za gari. Springi inavumilika kwa kazi nyepesi, lakini ikipata moto hadi ikageuka rangi ya bluu, ugumu wake umekwisha na makali hayakai tena. Tupa ni hatari. Ni ngumu lakini haina uvumilivu wa kishindo, na ikinaswa na mbao inayozunguka huvunjika ghafla, vipande vikaruka kuelekea usoni mwa fundi. Hizo tulizipiga marufuku katika karakana zetu.

Patasi zetu za zamani ni za chuma kinachoitwa HSS, yaani chuma cha kukatia kwa kasi. Aina hii ya chuma ilianza kutumika viwandani mwanzoni mwa karne ya 20, na sifa yake kubwa ni kwamba hubaki ngumu hata ikipata joto la karibu nyuzi 600. Ikiwa butu, fundi huinoa kwa jiwe la kawaida la kunolea, anaendelea na kazi.

Kabaidi ni nini hasa?

Kabaidi inayozungumzwa hapa ni ya tungsteni, madini yale yale yaliyotumika kutengenezea waya wa ndani ya balbu za taa za zamani. Tungsteni ikiunganishwa na kaboni hutoa unga wa chembe ngumu sana. Chembe hizo peke yake hazishikani. Huchanganywa na kobalti, hushindiliwa katika umbo linalotakiwa, kisha huokwa kwenye tanuri kali mpaka kobalti iyeyuke na kuzigandamanisha. Wajumbe wa kamati za ujenzi watalielewa hili haraka: ni kama zege. Chembe za kabaidi ndizo kokoto, na kobalti ndiyo saruji.

Mfano huo wa zege unafaa hata kwa suala la ubora. Kobalti ikiwa kidogo, ncha inakuwa ngumu sana lakini inameguka upesi. Ikiwa nyingi, ncha inastahimili kishindo lakini makali yanalika mapema. Vile vile chembe zikiwa kubwa, makali hayawezi kuwa membamba, kama ambavyo huwezi kupiga lipu laini kwa kokoto. Ncha nzuri za mbao hutengenezwa kwa chembe ndogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Hapo ndipo bei inapopanda, na hapo ndipo watengenezaji wa vitu vya bei ya chini wanapobana matumizi.

Ugunduzi huu ni wa Ujerumani. Mwaka 1923 Karl Schröter wa kampuni ya Osram, ambayo ilikuwa ikitengeneza balbu, aliombea hataza njia ya kuunganisha kabaidi na kobalti. Kampuni ya Krupp ikaanza kuuza bidhaa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa jina la Widia, ufupisho wa maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Miaka mingi ilitumika zaidi katika kukata chuma na kuchimba miamba. Patasi za mkono za kukerezea mbao, zenye ncha ndogo inayofungwa kwa skrubu na kubadilishwa ikichoka, zimeenea kwa mafundi wa Marekani na Ulaya kuanzia miaka ya 2000.

Tukiruhusiwa kutoka nje ya mada kidogo, sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka katika eneo la iliyokuwa Katanga, nchini Kongo. Huko ndiko alikokwenda Msiri, mtu wa huku kwetu Unyamwezi, katika karne ya 19 kwa biashara ya shaba na pembe, akaanzisha utawala wake Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891. Kobalti huchimbwa pamoja na shaba ile ile. Kwa hiyo kitu hiki kigeni kilicholetwa kwa sanduku kutoka ng'ambo huenda kina ndani yake mchanga wa njia ya babu zetu.

Tulivyokosea

Seti ya kwanza iliyotoka kwa wafadhili ilikuwa nzuri. Patasi zilikuwa na fimbo nene ya chuma, ncha za mviringo, za mraba na za pembe kali, na ncha za akiba chache. Vijana walizifurahia kwa sababu hazihitaji ustadi mkubwa. Unaiweka patasi bapa juu ya egemeo, sambamba na sakafu, makali yakiwa usawa wa katikati ya mbao, unasogeza taratibu. Kijana aliyeanza wiki hiyo hiyo aliweza kutoa mguu unaoeleweka. Kwa patasi ya HSS yenye umbo la mfereji, hatua hiyo huchukua miezi.

Akiba ilipokwisha, ofisi yetu ilitafuta ncha katika duka moja mjini. Tulipata za bei nafuu, zenye rangi ya dhahabu, zinang'aa, na kwenye kasha imeandikwa kabaidi. Tukanunua. Kosa hilo ni letu sisi wa ofisini, si la vijana wala la wafadhili.

Ncha zile zilikuwa za mashine ya kukerezea chuma. Rangi ya dhahabu ni utando mwembamba unaopakwa ili ncha istahimili moto wa chuma, na makali yake huviringishwa kidogo kwa makusudi yasimeguke. Kwa chuma hiyo ni sifa, lakini mbao inahitaji makali membamba kama wembe. Ncha zetu hazikukata, zilisugua. Mbao ikatoa moshi, vijana wakasukuma kwa nguvu zaidi, patasi ikaanza kutetemeka, ncha zikameguka moja baada ya nyingine. Fundi wetu mkuu, mzee aliyekereza tangu ujana wake, alizigusa kwa ukucha akasema, "Mratibu, mliangalia rangi, hamkuangalia makali."

Kulikuwa na kosa la pili ambalo liliharibu hata ncha nzuri. Wakati wa kugeuza ncha, vumbi la mbao lilibaki chini yake. Kabaidi haipindi. Ukikaza skrubu wakati ncha imekalia punje ya uchafu, inapasuka pale pale, au inapasuka baadaye ikipata kishindo kidogo. Sasa kila patasi ina mswaki wa zamani wa meno uliofungwa kwa kamba kwenye mpini, wa kusafishia kitako cha ncha.

Namna ya kukagua kabla ya kununua

Kamati nyingi zinatuma mjumbe mjini na pesa mkononi, na mjumbe huyo si fundi. Kuna mambo machache anayoweza kuyafanya dukani.

La kwanza ni uzito. Kabaidi ni nzito karibu mara mbili ya chuma. Ncha ya mraba ya milimita 15 kwa 15, yenye unene wa milimita 2.5 na tundu la skrubu katikati, inapaswa kuwa na uzito wa karibu gramu 8. Ikiwa ni chuma kilichopakwa rangi, itakuwa gramu 4 na kidogo. Sonara yeyote ana mizani ya kupima hivyo, na Tabora masonara wapo. Sumaku haisaidii, kwa kuwa kobalti nayo huvutwa na sumaku.

La pili ni sura. Ncha ya mbao huwa na rangi ya kijivu ya kawaida, haina utando wa dhahabu, na uso wake wa juu umesuguliwa laini kama kioo. Tazama makali kwenye mwanga: mstari mweupe unaong'aa kwenye ukingo maana yake ni butu, au una mapengo. Kisha gusa ukucha kwa upole. Makali mazuri yanashika ukucha, mabaya yanateleza.

La tatu, ambalo husahauliwa, ni fimbo inayobeba ncha. Kitako kikiwa hakijanyooka, hata ncha bora haitadumu. Fimbo nyembamba hutetemeka, na mtetemo ndio unaomega makali. Skrubu iwe ya kukaza bila kuruka nyuzi, na ufunguo wake uwemo. Tumeona patasi nzuri ikikaa kabatini kwa sababu ya skrubu moja iliyopotea.

Ziko pia patasi ambazo ncha yake imeunganishwa kwa kuchomelewa, haitoki. Kwa mazingira yetu hatuzipendekezi. Ikiwa butu huwezi kuigeuza, na kuinoa kunahitaji jiwe la almasi.

Zinadumu kiasi gani, basi?

Hatuwezi kutaja idadi ya saa, na anayetaja bila kuuliza ni mbao gani asiaminiwe. Mninga mkavu na safi hauli sana makali. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini. Gogo lililoburutwa kwenye mchanga hubeba mchanga huo ndani ya maganda, na mchanga humaliza makali yoyote, ya kabaidi au ya HSS. Mbao za nyumba iliyobomolewa zina misumari, na msumari mmoja unatosha kumaliza ncha. Mvule nao wakati mwingine huwa na mawe ndani yake, chokaa iliyoganda ndani ya mti, ambayo fundi hayaoni mpaka ayagonge.

Kwa hiyo uimara wa ncha unaanzia nje ya karakana. Tunaomba sharika zinazochangia magogo ziyamenye maganda kabla ya kuyaleta. Ndani ya karakana, kipande cha mbao chenye pembe nne kisipelekwe moja kwa moja kwenye mashine. Pembe zipunguzwe kwanza kwa randa au shoka hadi kiwe na pande nane. Kazi hiyo ni ya dakika chache na inaiepusha ncha na vishindo vya mwanzo, ambavyo ndivyo vikali kuliko vyote. Egemeo lisogezwe karibu na mbao kadiri inavyowezekana. Na patasi isiachwe ukingoni mwa meza, maana ikianguka kwenye sakafu ya saruji ncha itameguka.

Ncha ya mraba ina pande nne za kutumia. Tunatia alama ya kalamu upande uliotumika, vinginevyo kijana ataigeuza na kurudi kwenye upande butu bila kujua. Pande zote zikichoka, ncha isitupwe. Ncha ya mbao yenye uso bapa inaweza kufufuliwa mara kadhaa kwa kuisugua uso wa juu tu juu ya kibao chenye unga wa almasi, kikiwa na maji. Jiwe la kawaida la kijivu haliwezi kabaidi, litalika lenyewe. Na kabaidi isinolewe kavu kamwe, kwa sababu vumbi lake lenye kobalti linaharibu mapafu. Hili tunalisisitiza kwa walezi wa karakana zote, pamoja na miwani ya kukinga macho na kitambaa cha pua, kwa kuwa hata vumbi la mpingo huwasha ngozi ya baadhi ya watu.

Kuhusu gharama, kamati zizoee kuhesabu miguu ya vitanda, si bei ya dukani peke yake. Kwa mfano tu: upande mmoja wa ncha ukikereza miguu 40 kabla ya kuchoka, ncha yenye pande nne imekereza 160. Gawanya bei yake kwa 160. Ncha ya nusu bei inayomeguka kwenye mguu wa kumi ni ghali mno, hata kabla hujahesabu mti ulioharibika. Daftari la hesabu hiyo limeanza kutunzwa Kipalapala na tunaomba karakana nyingine zifanye hivyo.

Kwa nini patasi za zamani zibaki

Kabaidi ina mipaka yake. Patasi hizi hukwangua, hazichongi. Kwenye mbao ngumu kama mpingo uso unaotoka ni mzuri, lakini kwenye mbao laini nyuzi zinachanika na kijana anatumia msasa mwingi kuziondoa. Msasa nao ni fedha. Patasi ya HSS iliyonolewa vizuri, mikononi mwa anayeijua, huacha uso ambao karibu hauhitaji msasa. Fundi wetu huanza na kabaidi kuondoa mbao nyingi, anamaliza na HSS.

Sababu kubwa zaidi ni vijana wenyewe. Wakihitimu wanarudi Sikonge, Urambo, Kaliua na vijijini zaidi. Huko hakuna duka la ncha za kabaidi. Kijana aliyejifunza kwa kabaidi pekee atafanya kazi mpaka ncha ya mwisho, kisha mashine itageuka meza ya kuwekea vitu. Aliyejifunza kunoa HSS, hata kwa jiwe la kuzungusha kwa mkono, ataendelea. Tukiuza patasi za zamani ili tununue ncha, tutakuwa tumeongeza kasi ya karakana moja kwa kuwanyima wahitimu ufundi wa kujitegemea. Katika mpango wa mafunzo uliorekebishwa, kila kijana ataanza na HSS na kunoa, na kabaidi atapewa baada ya fundi mkuu kuridhika na makali yake.

Kwa wafadhili wanaoandaa sanduku lijalo: patasi zenyewe zinatosha. Tunachohitaji ni ncha za akiba za mraba na za mviringo zinazolingana na fimbo tulizo nazo, skrubu za ziada na funguo zake, vibao viwili vya almasi vya kunolea, na miwani. Tafadhali andikeni vipimo vya ncha juu ya kila kifurushi, ili mjumbe wa kamati atakayetumwa dukani siku zijazo aende na vipimo hivyo. Ncha zile za dhahabu tumempa fundi chuma mmoja mjini, ambaye anasema kwake zinafanya kazi vizuri sana.